Tawi Juu ya Paa la Hamali

Nilipanda mti wa watu Kibokoni bila kupiga hodi. Nalisema mwanzo kabisa, maana nikiliacha katikati nitatafuta njia ya kulipamba, na halipambiki.

Asubuhi ile nilikuwa nimekagua kila kitu. Kamba niliipitisha kiganjani kutoka ncha hadi ncha, nikitafuta uzi uliokatika. Mshipi wa kupandia, ule unaozunguka kiuno na mapaja, niliukaza, nikaulegeza, nikaukaza tena. Kulabu za chuma nilizifungua na kuzifunga nikisikiliza kama mlio wake ni ule ule wa jana. Kofia ngumu, miwani, glavu, msumeno wa mkono katika ala yake. Mwenye mti, mama mmoja aliyestaafu ualimu na ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, alisimama mlangoni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu," akasema, "wapanda mti au waenda vitani?"

Nikacheka, nikapanda.

Na raha ile! Sijui kama nitaweza kuieleza. Ulikuwa mwarobaini mkubwa, mti wangu wa kwanza wa kulipwa ndani ya Mji wa Kale, na kila nilipovuta kamba na kujiinua mwili ulinipungua uzito. Magome yalinikwaruza mikono, sisimizi wakaniingia shingoni, na mimi nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipofika kwenye panda kubwa nikafunga kamba ya usalama, nikaketi, nikatazama chini. Nikaona matangi ya maji, paka juu ya mabati, nguo kambani, na moja kwa moja chini ya miguu yangu, ua wa jirani. Uani pale mwanamke alikuwa ametoka kuosha nywele. Alikuwa na leso moja kifuani, anachana. Akainua kichwa. Tukaonana.

"Mwizi! Mwizi yuko mtini!"

"Mimi si mwizi, dada! Mimi ni..." Nikakwama. Sikuwa na jina la kazi yangu. "Mimi ni fundi wa miti!"

"Fundi wa miti, na mato yako uani kwangu?"

Mumewe akatoka mbio, mdomoni bado ana kipande cha mkate. Ni hamali wa Marikiti, mtu wa kubeba magunia na kusukuma mkokoteni, na mabega yake yalitosha kunieleza hivyo kabla sijaambiwa na mtu.

"Shuka! Ndoo tini saa hizi!"

"Nashuka, kaka. Ngoja nifungue kamba..."

"Kamba utafungulia kituoni!"

Sasa, fundo ninalolitumia kushukia lina tabia moja. Ukilishika taratibu linateleza. Ukilivuta kwa pupa linabana. Nikalivuta kwa pupa. Likabana nikiwa katikati ya safari, na nikaning'inia juu ya kichochoro, nikizunguka polepole, usawa wa dirisha la hamali. Alikuwa ameingia ndani kunifuata dirishani. Tukatazamana kila nilipomalizia mzunguko. Wazee waliokuwa wameketi barazani walicheka hadi mmoja akamwaga kahawa yake. Hamali hakucheka.

"Huyu," akamwambia Mwalimu nilipofika chini, "hapandi tena mti huu."

Nililia njiani kwenda nyumbani Tononoka. Sikulia kwa sauti, lakini nililia. Mimi ni mtu ambaye akikosea jambo dogo hulirudia kichwani usiku kucha, na hili halikuwa dogo. Yote niliyoyajua nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Nilianza kama kibarua wa kufagia majani na kubeba matawi kwenye majumba makubwa, nikiona wenzangu wanavyopanda peku na panga mkononi, wakikata tawi walilolikalia nusu. Nikajiambia lazima iko njia. Nikaanza kutazama video kwenye simu, usiku baada ya usiku, watu wa nchi za mbali wakiteleza mitini kama buibui. Nikanunua kamba moja, kisha kulabu, kisha mshipi wa mitumba ambao niliushona upya kila mahali nilipouonea shaka. Nilijifunzia kwenye mti wa mkungu ulio ndani ya ploti tunayokaa. Siku ya kwanza mwenye nyumba alinikuta nimening'inia, akashika kichwa.

"Kijana, ukitaka kujinyonga, tafuta ploti nyingine!"

Nilijua kukata kwa chini kwanza ili gome lisichanike. Nilijua kuacha ule uvimbe mdogo ulio shingoni mwa tawi, ambao mti huutumia kufunga jeraha lake, ijapokuwa jicho langu linalopenda vitu nyoofu linaumia kuuona umebaki. Nilijua mafundo mengi ambayo sijawahi kuyahitaji. Lakini hakuna video hata moja iliyoniambia kuhusu wanawake wa Kibokoni na nyua zao.

Nikampigia simu mjomba wangu. Mjomba ni mkwezi wa minazi, Kaloleni, na nilitegemea anionee huruma.

"Hukupiga hodi?" akasema.

"Hodi kwa nani, Mjomba? Mimi nilikuwa mtini."

"Kwa kila ua utakaouona kutoka huko juu! Mimi nikija mjini kuangua nazi za watu, naita kabla sijavua viatu. 'Mkwezi huyo! Mkwezi anapanda!' Kisha nangoja. Wajifunike, waingie ndani, wamalize shughuli zao. Nikiitikiwa, ndipo mguu unaondoka chini. Lo! Umeniaibisha hata mimi."

"Mbona hukunifundisha?"

"Uliniuliza lini? Walimu wako wako ndani ya simu."

Akakata. Baadaye alinitumia kijipicha cha uso unaocheka, kwa hiyo nikajua hajakasirika sana.

Aibu ingekuwa yangu peke yangu, ningehama mtaa nikasahau. Lakini lilikuwapo lile tawi. Mwalimu aliniita kwa sababu tawi moja la mwarobaini wake, nene kuliko paja langu, lilipasuka wakati wa mvua za masika. Halikuanguka. Lilibaki limelala hewani juu ya paa la hamali, lina ufa unaoweza kuingia vidole, na chini ya paa hilo ni chumba wanacholala watoto wake. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza. Kila mti wa ploti yetu ulipovuma usiku, niliwaza ufa ule. Hamali naye alikuwa amewaleta rafiki zake watatu wautazame mti. Wakasema watauangusha wote kutokea shinani. Mwalimu akawauliza, katika kichochoro kile, wauangushie wapi? Wakakuna vichwa, wakaondoka. Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: mtu aliyeweza kuliteremsha tawi alikuwa amekatazwa kupanda, na aliyemkataza ndiye ambaye watoto wake walikuwa wakilala chini yake.

Mwalimu akanipa maagizo kama vile nakwenda kufanya mtihani.

"Uje baada ya alasiri. Ukae barazani kwa jirani. Uamkie, unyamaze. Ukiletewa kahawa, unywe. Neno la mti lisikutoke mpaka yeye aliulize. Na mkewe usimtaje kabisa. Radhi yake utaiomba kwa kupitia kwa mumewe, naye akiisha kukupa nafasi."

"Na asiponipa nafasi?"

"Utarudi kesho ukae tena."

Nilikwenda. "Masalkheri," nikasema. "Masalkheri," akaitika bila kunitazama. Nikakaa. Kahawa ikaja, chungu, na kipande cha haluwa. Nikanywa. Wakazungumza habari za bei ya nyanya, habari za mpira, habari za lori lililokwama na kuziba njia nzima ya Marikiti asubuhi ile. Sikio langu moja lilikuwa kwenye mazungumzo, na lingine juu, kwenye tawi, kwa kuwa kila upepo ulipopita lilitoa mlio mdogo kama mlango usiotiwa mafuta.

Likatoa mlio mrefu zaidi. Wote tukainua vichwa.

"Haya wewe, Buibui," hamali akasema hatimaye. "Lile wataka kuliteremsha vipi?"

Lo! Ilikuwa kama kufunguliwa bomba. Kwanza niliomba radhi, vibaya, maneno yakigongana, kwake na kwa watu wa nyumbani kwake, nikasema nilikosa adabu kwa kutojua lakini kutojua si kisingizio. Akainua mkono kunizuia. "Imeshafika. Endelea na tawi." Nikavua kamba ya kiatu changu. Nikachukua kijiko kikawa ndicho tawi, mguu wa kiti cha kahawa ukawa shina, pete ya funguo ikawa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Nikamwonyesha: kapi linafungwa juu, kwenye panda ngumu. Kamba inapita kwenye kapi, upande mmoja unalishika tawi mahali pawili ili lishuke likiwa sawa, na upande mwingine unarudi chini na kuzungushwa shinani. Ukikata, tawi halianguki. Linabaki linaelea. Kisha unalegeza kamba kidogo kidogo, na lenyewe linashuka kama mgeni anayeshuka ngazi.

Wazee walikuwa wameinamia kijiko changu kama ni mechi ya bao.

"Na huku chini," hamali akauliza, akigusa ncha ya kamba ya kiatu, "anashika nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikipaogopa. Maana sikuwa na mtu. Sikuwahi kuwa na mtu. Nilikuwa nikifanya kazi peke yangu kwa sababu siwezi kuvumilia mtu mwingine ashike kamba yangu. Nikimpa mtu ndoo aijaze maji, narudi kutazama kama ameijaza. Matawi madogo niliyakata vipande vipande na kuyashusha mwenyewe. Lile halikukubali hivyo. Lina ufa, haliwezi kukaliwa, ni lazima literemke zima.

"Nilidhani nitaifunga tu," nikasema.

"Uifunge kama mbuzi?" Akaangua kicheko, cha kwanza nilichomsikia. "Tawi zito lile likirukia kamba iliyofungwa, litakata kamba ama kuvunja kapi, na mimi ntanunua mabati. Ntashika mimi. Paa ni langu."

Mzee mmoja akasema, "Basi usiwe umekula wali mwingi siku hiyo." Na mwingine, "Mwacheni ale, ndio uzito wenyewe."

Siku tatu tulifanya mazoezi kichochoroni, jioni, akitoka kazini. Nilitundika mtungi wa maji kwenye tawi la chini, nikamzungushia kamba shinani, nikamwambia alegeze. Mara ya kwanza aliiachia yote. Mtungi ukapasuka, tukalowa mpaka magotini, na dirishani nikasikia kicheko cha mkewe kabla pazia halijafungwa haraka. Mara ya pili, kwa mtungi mwingine, akaing'ang'ania, ukabaki juu kama taa.

"Legeza, kaka."

"Mimi nabeba magunia tangu wewe hujazaliwa. Usinifundishe uzito."

"Sikufundishi uzito. Nakufundisha kuuacha uende."

Akanitazama. Akalegeza. Kamba ikaanza kutambaa shinani na sauti ya mkeka unaokunjwa, mtungi ukashuka ukagusa ardhi bila kumwaga tone. Nilipiga kelele. Nilimkumbatia! Kisha nikamwambia turudie. Tukarudia hadi akasema kwamba mkewe atadhani ameoa mti.

Siku yenyewe nilifika mapema kiasi kwamba Mwalimu alinifungulia mlango na mswaki mdomoni. Nikakagua vifaa. Kisha nikasimama katikati ya kichochoro, nikajaza mapafu, na aibu yote ikanipanda usoni kabla sauti haijatoka.

"Hodi! Fundi wa miti anapanda! Hodi!"

Kutoka nyumba ya kwanza, sauti ya mwanamke: "Ngoja!" Nikangoja. Milango ikafungwa, ndoo ikavutwa. "Haya, panda!" Nyumba ya pili: "Karibu, panda!" Ya tatu ilikuwa ya hamali. Nikaugeukia mlango wake.

"Hodi," nikasema, sasa polepole.

"Leo umejua," sauti ya mkewe ikajibu kutoka ndani. "Panda. Na watoto nimewapeleka kwa mama."

Sikutegemea jambo moja. Mtu akikata mwarobaini, mtaa mzima unataka majani; huyu anayachemsha kwa homa, huyu kwa vipele vya mtoto, huyu anaweka ndani ya gunia la mahindi yasiliwe na wadudu. Hodi yangu ilikuwa tangazo. Nilipofika juu na kutazama kichochoroni, walikuwa wamejaa na vikapu na masufuria, pale pale ambapo tawi lilipaswa kutua.

"Ondokeni hapo! Tafadhali! Dada zangu!"

"Wewe kata tu, sisi twadaka!"

Ndipo Mwalimu akatoka. Hakupaza sauti sana. Alisema tu, "Mstari mmoja, ukutani," na wanawake wazima, wengine wana wajukuu, wakajipanga ukutani kwa sababu zaidi ya nusu yao aliwafundisha kusoma.

Nikafunga kapi. Nikavuta. Nikalifunga tawi mahali pawili, nikauzungushia ufa kamba ya kuubana usipanuke nikiwa nakata. Jasho lilinitoka chini ya kofia, na nilikuwa na furaha, furaha iliyochanganyika na hofu hadi sikuweza kuzitenganisha. Msumeno ukaingia kwa chini. Kisha nikaanza kukata kwa juu. Unga wa mti ulinipiga usoni, mchungu mdomoni. Nikasikia mlio, kisha mwingine, kisha tawi likaachana na mti.

Halikuelea kama kijiko. Lilijitupa upande, kuelekea paa. Mti mzima ukatikisika nami nikiwa juu yake. Niliona majani yakifagia mabati, kwaa, na shina la tawi likija nyuma yake, zito.

"Kaza! Kaza kaka! Hapana, legeza! Kaza! Shika!"

Sijui niliamuru mangapi. Yote yalipingana. Tawi likasimama. Kati yake na mabati ningeweza kupitisha kiganja. Lilikuwa likiyumba, na kila lilipoyumba kiganja kilipungua.

"Legeza kid..."

"Buibui," hamali akaita kutoka chini. Hakuwa anapiga kelele. "Nyamaza. Nimelishika."

Nikanyamaza. Ni jambo gumu zaidi nililowahi kufanya mtini. Sikuweza kumwona; shina lilinizuia. Sikujua ameweka mikono wapi wala kamba imezunguka vipi, na kila kitu mwilini mwangu kilitaka kushuka kwenda kukagua. Nikashika tawi nililokalia kwa mikono miwili ili nisiseme.

Aliliacha liyumbe hadi likachoka. Kisha nikaisikia ile sauti ya mkeka, kamba inatambaa. Tawi likasogea mbali na paa, likageuka taratibu, likashuka mbele ya dirisha lake, mbele ya mlango wake, na kutua kichochoroni kwa kishindo kidogo kuliko cha mtu aliyeruka kutoka barazani.

Vigelegele! Ukuta mzima wa wanawake ukapasuka kwa vigelegele, na mstari wa Mwalimu ukavunjika, vikapu vikalivamia tawi kabla sijafungua hata fundo moja. Wazee waligonga bakora zao barazani. Mimi nilikuwa juu, nacheka na kulia, nampigia mjomba simu ili asikie kelele tu.

Niliposhuka, na safari hii fundo halikubana, hamali alikuwa bado ameishika kamba ingawa haikuwa na kitu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

"Umepiga kelele kama kuku," akaniambia.

"Najua."

"Kaza, legeza, kaza. Ningekufuata wewe, sasa hivi tungekuwa twaokota mabati."

"Najua, kaka."

Kutoka nyuma ya pazia mkewe akasema, "Muulize huyo fundi wako, lile tawi la pili linalonizibia jua la nguo, atalikata lini?"

Mimi na hamali tulilikata juma lililofuata, tukakata na mengine Mji wa Kale, na mitaa mingine ya kisiwa.

Bado nakagua kamba kabla ya kupanda, na bado sipati usingizi usiku wa kuamkia kazi kubwa. Lakini sifanyi kazi peke yangu tena. Yuko mtu chini, na akisema amelishika, mimi nakata bila kuchungulia.